Unauza sauti? Barua pepe inaweza kukuletea kazi

Wengi wanaoingiza sauti kwenye matangazo na filamu hutafuta kazi kupitia WhatsApp. Shida ni kwamba status hupotea baada ya saa 24. Barua pepe inabaki, na mteja anaweza kuitafuta miezi mitatu baadaye akipata kazi.

Nani wa kumwandikia? Anza na wateja wa zamani, kisha studio na kampuni za matangazo zilizokubali kupokea kazi zako. Usinunue orodha ya anwani. Kenya (2019) na Tanzania (2022) zina sheria za kulinda taarifa binafsi.

Kichwa kiseme kazi. "Sauti ya kike, Kiswahili, tangazo la redio" kinafunguliwa kuliko "Habari".

Demo iwe nyepesi. Sekunde 60 zinatosha. Weka linki, usibandike faili. Gmail inaruhusu viambatisho hadi MB 25, na dakika tatu tu za WAV ya stereo huzidi hapo. Mteja naye ana bando lake.

Usisumbue. Mara moja kwa mwezi yatosha: kazi mpya moja, bei na muda wa kukamilisha. Tumia Bcc ili wateja wasione anwani za wenzao, na waeleze jinsi ya kujitoa.

Ukipuuza hili, watu watakuripoti kama spamu. Wakizidi, hata ankara yako kwa mteja anayekudai kazi inaweza kuishia huko bila kusomwa.