Mlimani walivyofukuzwa 1966, wakafukuzwa tena 1978

Wiki hii nimezama kwenye historia ya wanafunzi wa Mlimani na madesa ya mtihani nimeyaweka pembeni kidogo. Kuna jambo limenikaa kichwani. Kila mwaka wa masomo ukianza, wanafunzi wapya wanasaini kanuni za nidhamu, na wengi wanasaini bila kusoma. Sasa hiyo nidhamu ni nini hasa? Ni kuwa na hoja ya haki, au ni kuomba ruhusa kabla ya kufungua mdomo? Naona matukio mawili yanatusaidia kujibu.

Tuanze na 1966. Mlimani wakati huo ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilianza 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria tu, kikahamia kilimani 1964. Serikali ikaja na mpango kwamba wasomi waingie JKT kwa lazima, jumla miaka miwili. Miezi kama mitano wako kambini, halafu miezi 18 wako kazini lakini wanalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Hapo ndo kasheshe ilipoanza.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakavaa majoho yao ya kitaaluma, wakabeba mabango, wakaandamana mpaka Ikulu. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Hebu fikiria, miaka mitano tu baada ya uhuru! Mwalimu Nyerere akawapokea, akasikiliza risala yao mpaka mwisho. Walisema masharti yasipobadilishwa, miili yao itakwenda JKT ila roho zao zitabaki nje. Mwalimu akawaka. Akasema kama tatizo ni mishahara mikubwa basi ni kweli, ni mikubwa, hata wa kwake, na papo hapo akaupunguza kwa asilimia 20. Kisha akawaambia warudi nyumbani kwao. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata.

Tuseme ukweli, hoja yao haikuwa nzuri sana. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabu, wakulima ndo walikuwa wanawasomesha, na wao wanalilia asilimia 60 ya mshahara ambao hawajaanza hata kuupokea. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba, kumiliki hisa kwenye makampuni ya kibepari. Wanahistoria wengi wanaliona lile sakata la Ikulu kama sehemu ya njia iliyofika Arusha.

Sasa ruka mpaka Machi 1978. Chuo kimeshakuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970, na wanafunzi wake wamesoma shule zenye Azimio ukutani. Bunge likaongeza mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Wanafunzi wakashuka mlimani kuandamana wakisema viongozi wanajipendelea, wanalisaliti Azimio. Yaani walikuwa wanarudia maneno ya Mwalimu mwenyewe ya 1966! Matokeo? Polisi wakawazuia, na kama wanafunzi 350 wakafukuzwa. Chama chao, DUSO, kikavunjwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA, iliyokuwa chini ya jumuiya ya vijana ya CCM.

Mnaona hapo? Mara ya kwanza walitetea matumbo yao, wakafukuzwa. Mara ya pili walipinga matumbo ya wakubwa, wakafukuzwa. Hoja mbili zinazopingana kabisa, adhabu moja. Kwa hiyo mimi naona kilichoadhibiwa 1978 si ubinafsi, maana haukuwepo. Kilichoadhibiwa ni kuandamana bila ruhusa. Na tofauti nyingine: 1966 mkubwa alijibu hoja kabla ya kuadhibu, tena alijibu kwa mfuko wake mwenyewe. 1978 hoja haikupata jibu la namna hiyo.

Sisemi wanafunzi tufanye fujo. Anayeingia na nondo kwenye chumba cha mtihani, anayevunja vioo vya kafteria, huyo ana kosa na kanuni imbane. Lakini kumweka mwizi wa mtihani kapu moja na mtu aliyebeba bango si nidhamu, ni woga wa kusikia.

Naliandika hili kwa ajili yetu sisi wa ualimu hasa. Keshokutwa tutakuwa mashuleni, na wengine tutapewa kazi ya mwalimu wa nidhamu. Siku kidato cha tatu watakapokuja mstari mmoja mpaka ofisini kulalamikia maharage yenye wadudu, swali la kwanza litakalotutoka mdomoni ndo litaonyesha tumesoma nini hapa chuo. Utauliza "nani kawaruhusu?" au utakwenda jikoni kufunua sufuria?

Kama una mzee au mjomba aliyekuwa Mlimani miaka hiyo, muulize akusimulie. Wazee wanaondoka, na hadithi hizi zinaondoka nao. Kazi njema na mitihani.