Muziki wa okestra katika filamu za uhalifu za Italia

Filamu za polisi na majambazi zilizotengenezwa nchini Italia katika miaka ya 1970, ambazo wenyewe huziita poliziotteschi, zilidharauliwa na wahakiki wengi wa wakati huo. Walizishutumu kwa kutukuza bunduki na kumwaga damu ovyo. Hata hivyo, muziki wake umedumu kuliko filamu zenyewe.

Filamu hizo zilizaliwa katika kipindi kigumu. Mnamo Desemba 12, 1969, bomu lililipuka katika benki moja kwenye uwanja wa Piazza Fontana mjini Milan na kuua watu 17. Ikafuata miaka ya mauaji ya kisiasa, utekaji nyara na wizi wa mabavu, ambayo Waitalia huiita Miaka ya Risasi. Wananchi wengi walipoteza imani na polisi na mahakama, na hofu hiyo ikaingia katika sinema.

Namna filamu zilivyotengenezwa ilimpa mtunzi wa muziki nafasi kubwa. Aghalabu maneno ya waigizaji hayakunaswa wakati wa kupigwa picha, bali yalitiwa baadaye studioni. Kwa hiyo kazi ya kueleza hofu, hasira au majuto mara nyingi iliachiwa okestra.

Ennio Morricone (1928-2020), mpiga tarumbeta aliyesomea utunzi katika chuo cha Santa Cecilia mjini Roma, alitoa mfano bora mwaka wa 1970 katika filamu ya Elio Petri, Indagine su un cittadino al di sopra di ogni sospetto. Humo, afisa mkuu wa polisi anamuua hawara wake, kisha anaacha ushahidi makusudi aone kama kuna atakayethubutu kumkamata. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu umekosa meno upande mmoja. Morricone hakutumia fidla za kuhuzunisha. Alitumia mandolini na marranzano, kifaa kidogo cha chuma kinachoshikwa mdomoni na kupigwa kwa kidole, katika mdundo unaochechemea na kumdhihaki mwenye cheo. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Luis Bacalov (1933-2017), mzaliwa wa Argentina, alichukua njia nyingine. Katika Milano calibro 9 ya Fernando Di Leo (1972), aliiunganisha okestra na Osanna, bendi ya roki kutoka Napoli. Nyuzi zinaanza kwa utulivu, kisha magitaa na ngoma zinavamia, mfano wa mji unaopoteza amani yake.

Stelvio Cipriani (1937-2018) alijulikana kwa kuweka sauti tamu ya nyuzi juu ya mdundo wa haraka wa besi. Muziki wake wa La polizia sta a guardare (1973), filamu inayohusu utekaji nyara, ulitumiwa tena katika Tentacoli (1977), kisha na Mmarekani Quentin Tarantino katika Death Proof (2007).

Kadiri miaka ilivyosonga, mtindo ulibadilika. Ndugu Guido na Maurizio De Angelis, pamoja na Franco Micalizzi aliyetunga muziki wa Roma a mano armata (1976), walisisitiza tarumbeta, gitaa la umeme na midundo ya fanki kutoka Marekani, hasa magari yanapofukuzana.

Wimbi la filamu hizo lilipungua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengi waliosikia muziki huo baadaye hawakuwahi kuziona filamu zenyewe, lakini huzuni na wasiwasi wa Italia ya enzi hiyo vingali vinasikika ndani yake.