Kamera ipi yamfaa mpigapicha wa Kibera na Kawangware?

KIJANA wa Kibera au Kawangware aliyejinyima ili anunue kamera ya kumpa riziki hukaribishwa madukani kwa hesabu ya megapikseli. Swali la kwanza lingekuwa: atampiga nani picha, na mahali gani?

Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji pikseli 1,200 kwa 1,800. Yaani megapikseli mbili na ushei. Simu nyingi hupita kiwango hicho. Hata picha kubwa mno haidai nukta nyingi hivyo, kwa kuwa hutazamwa kwa mbali. Mwaka 2009, msanii Mfaransa JR alitandaza nyuso na macho ya wanawake juu ya mapaa ya Kibera, na mtazamaji alizifurahia akiwa mbali.

Mtihani hasa ni mwanga. Nje, jua humetameta juu ya mabati. Ndani, chumba chenye kidirisha kimoja huwa na kiza hata adhuhuri. Hapo kamera ndogo ya mfukoni hushindwa, kwa sababu kihisi chake cha kunasa mwanga ni kidogo na picha hujaa chengachenga. Kamera ya kubadilishwa lenzi huwa na kihisi kikubwa zaidi. Lakini lenzi inayouzwa pamoja nayo mara nyingi hufikia f/5.6 tu inapovuta picha karibu. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa ya huo.

Wauzaji wengi husifu ile ya milimita 50 kwa sababu ni rahisi. Ni nzuri, ila katika chumba cha futi 10 kwa 10, ikifungwa kwenye kamera za bei nafuu ambazo kihisi chake hakijafikia ukubwa wa filamu ya zamani, mpigapicha atagonga ukuta kwa mgongo kabla familia haijaenea katika picha. Ya milimita 35, au pungufu, yafaa zaidi. Anayepiga harusi kanisani, asikoruhusiwa kukaribia madhabahu, ndiye mwenye haja ya lenzi ndefu.

Ambaye picha zake zitaishia kwenye simu za wateja aanze na simu. Watoto wa Mathare waliojifunza upigaji picha katika mradi wa Shootback mwaka 1997 walitumia kamera za plastiki za bei ya chini, na kazi yao ikawa kitabu mwaka 1999.

Anayenunua kamera iliyotumika aulize shata imefyatuliwa mara ngapi, aikague lenzi dhidi ya mwanga kuona kama ina ukungu, kisha ajaribu kupiga picha ndani ya duka bila flashi. Abakishe pesa za betri ya pili. Stima hupotea, na bibi harusi hangoji.