Jaribio la kichocheo cha uti wa mgongo
Kipindi cha siku 3 hadi 7 hivi ambacho mgonjwa wa maumivu sugu huishi na nyaya nyembamba zilizopenyezwa mgongoni kwa sindano, betri ikibaki nje, kiunoni. Tiba hii ya kuchochea uti wa mgongo kwa umeme ilianza Marekani mwaka 1967, kwa daktari Norman Shealy. Kabla ya jaribio mgonjwa huchunguzwa maambukizi na hali ya akili, na hutaja kila dawa anayotumia. Za kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa agizo la daktari tu: damu ikivuja karibu na neva, miguu yaweza kupooza. Wakati wa jaribio maumivu huandikwa daftarini, 0 hadi 10, mgonjwa anapoinuka kitandani au kupanda daladala. Yakipungua nusu, jaribio limefaulu. Kwa mkazi wa Levolosi, Arusha, safari ya rufaa ya kutafuta tiba hii huanzia kituo cha afya cha kata.