Msaragambo, Ndiva na Njaa katika Nchi ya Upare

Nchi ya Upare ina sura mbili. Juu, huko Vudee, Chome na Mbaga, pana ukungu na vijito, na kilele cha Shengena chapanda hata mita 2,462. Chini, pande za Same, Makanya na Hedaru, pana miiba na vumbi. Vuli ikikosa na masika yakichelewa, mtu wa uwandani hana mavuno mwaka ule. Basi tukitaka kujua jinsi jirani alivyomsaidia mwenye njaa katika nchi hii, tusianze na kibaba cha mahindi. Tuanze na maji.

Wapare tangu zamani hujenga ndiva, yaani bwawa dogo kwenye mteremko wa mlima. Mfereji hulijaza usiku, watu wakiwa wamelala, na asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka mashambani kwa zamu. Maana kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe, hunywewa na mchanga kabla ya kufika mbali. Bali maji yaliyokusanywa huenda kwa nguvu, na shamba la mwisho nalo hupata. Kazi hii haiwezwi na mtu mmoja, hata awe tajiri. Ndipo huitwa msaragambo: watu wote hutoka na majembe yao kuzoa tope na kuziba nyufa, na asiyekuja bila udhuru hutozwa faini. Neno hili twalikuta leo katika Kiswahili pia, kwa maana ya kazi ya pamoja. Lakini mahali ambapo msaragambo ni amri tu ya mkubwa, na mfanyaji haoni faida yake, jina limebaki na maana yake imekufa.

Watu huwatania Wapare kwamba ni wabahili. Labda, lakini mtu aliyezoea kuhesabu zamu ya maji hujifunza kuhesabu mengine, na sufuria yake ya makande, mahindi na maharage pamoja, yajua ilikotoka.

Tazama sasa yaliyowapata watu wasio na msaada karibu. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliishika Uzigua, nchi iliyo kusini ya Upare. Wengi walishuka pwani kutafuta chakula, na masimulizi yao yasema waliahidiwa kazi ng'ambo, kisha kurudishwa kwao. Walipakiwa majahazini wakauzwa utumwani Somalia. Wajukuu wao waliishi bonde la mto Juba wakisema Kizigua chao, na vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi yao wakakimbilia Tanzania, katika nchi ya babu zao. Nadhani hakuna ushuhuda ulio wazi kuliko huu: mwenye njaa akilazimika kubisha mlango wa mgeni, bei huwekwa na mgeni.

Upare, jirani na ndugu hawakutengana sana. Watu wengi wa Bangalala, kijiji kilicho chini ya Vudee, wana ukoo wao mlimani, na shamba la chini na shamba la juu huweza kuwa la nyumba moja. Kwa hiyo walipatana juu ya mto wao: wa juu hutumia maji mchana, na usiku huyaachia yashuke kujaza ndiva za wa chini. Mapatano haya hayakukosa ugomvi, maana ukame ukizidi, mtu wa juu huona mimea yake nayo yanyauka, na mkono wake huwa mzito kuufungua mfereji. Hapo mzee hutumwa kupanda mlima kuomba, naye huomba kwa jina la ukoo kwanza, ndipo kwa jina la maji.

Lakini undugu huo haukufika mbali. Kijiji cha Makanya, kilicho chini zaidi, hakimo katika mapatano ya Vudee na Bangalala. Maji ya kiangazi huishia njiani, na wakulima wake hungoja mvua kubwa inyeshe milimani, mafuriko yashuke korongoni, wapate kuyageuzia mashambani kwa haraka kabla hayajapita.