Reli ya ngazi (Salaita na Taita Taveta)

Reli ya ngazi ni kizuizi cha ubavuni kinachompa mpandaji pa kushika na kumzuia asianguke pembeni. Ina sehemu tatu: mkono wa juu, vinguzo vinavyosimama chini yake, na braketi au nguzo kuu zinazoifunga kwenye ukuta na zege. Katika Kaunti ya Taita Taveta kazi hii hufanywa zaidi na mafundi wa jua kali wa kuchomelea vyuma, kwa ajili ya majengo ya ghorofa ya Voi na Taveta na nyumba za miteremko ya Wundanyi.

Salaita, kilima kilicho mashariki ya mji wa Taveta kwenye njia ya kwenda Voi, hujulikana zaidi kwa mapigano ya 12 Februari 1916 kati ya majeshi ya Uingereza na Ujerumani. Kwa fundi, sifa zake ni nyingine: jua kali, vumbi na mchwa. Ndiyo maana vinguzo vya mbao vilivyosimamishwa karibu na udongo havidumu huko, na chuma hupendelewa.

Kazi huanzia kwenye nguzo kuu za juu na chini. Uzi hukazwa kwenye kingo za mbele za vipandio kupata mwinamo, kisha kimo hupimwa wima kutoka ukingo huo, si katikati ya kipandio. Kimo cha milimita 900 kwenye mteremko wa ngazi ni cha kawaida. Pale juu ghorofani reli huinuliwa zaidi. Kitako cha nguzo hufungwa kwa bolti za kupanuka, mbali na ukingo wa zege, kwa sababu bolti ikipanuka ukingoni hupasua zege yenyewe. Tundu lipulizwe vumbi kabla ya bolti kuingia. Kabla ya kukazwa kabisa, nguzo hupimwa kwa timazi pande mbili.

Upande wa ukuta hutumika braketi, zisizoachana zaidi ya takriban mita moja, zikiacha nafasi ya milimita 50 ili vidole vipite. Hapa ndipo reli nyingi zinazopendeza machoni huharibika: skrubu imeshika plasta tu. Keekee ifike kwenye tofali lenyewe, wala si kwenye kiungo cha saruji kati ya matofali. Kwa tofali lenye uwazi ndani, sehemu hiyo hujazwa zege kwanza.

Nafasi kati ya vinguzo hufuata kanuni inayotumika nchi nyingi: mpira wa kipenyo cha milimita 100 usipite, kwa usalama wa watoto. Tuseme kati ya nguzo kuu mbili kuna milimita 2,400 zikipimwa kwa usawa, na vinguzo ni vyuma vya milimita 16. Vinguzo 20 huacha nafasi 21 za milimita 99. Vikiwa 19, kila nafasi inazidi 104. Kipande cha mbao kilichokatwa milimita 99 huwekwa kati ya kinguzo na kinguzo wakati wa kuchomelea, na hilo humwokolea fundi muda kuliko kupima upya kila mara.

Chuma cha mita 6 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 2, kwa hiyo mkono mrefu usibanwe kati ya kuta mbili. Shida kubwa zaidi ni kiganja. Mkono wa chuma unaotazama magharibi huunguza alasiri, na watu huacha kuushika hasa wanaposhuka na mizigo. Mkono wa mbao uliofungwa kwa skrubu juu ya ufito wa chuma huondoa tatizo hilo, na kwa kuwa uko mbali na udongo, mchwa huufikia kwa shida.

Wundanyi, penye ukungu na mvua zaidi, adui ni kutu. Bomba lililopakwa zinki hupoteza kinga yake pale moto wa kuchomelea ulipopita. Kiungo husuguliwa na kupakwa rangi ya zinki kabla ya rangi ya mwisho.