Kunyoa kwa Wembe: Hukumu Zake, Namna ya Kujifunza na Dhamana ya Mwenye Kunyoa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, wembe ni chombo kidogo kinachoingia katika mambo mengi ya dini yetu. Mtoto anyolewa siku ya saba, mwenye kuhiji anyolewa Mina, na kila Muislamu aliyebaleghe anautumia katika usafi wa mwili wake. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi wembe hushikwa na yeyote aliye karibu, kwa hoja kwamba jambo lenyewe ni Sunna. Ni kweli kuwa ni Sunna, lakini Sunna haimwondolei mtu dhamana ya damu aliyoimwaga kwa kutojua. Katika makala hii tunaeleza mahali pa wembe katika sheria, namna ya kujifunza kuutumia, na yanayompasa kuyajua anayekabidhiwa kichwa cha mwenzake.

Mahali pa wembe katika sheria

*Usafi wa maumbile.* Imepokewa kwa Abu Hurayra (R.A.) katika Bukhari na Muslim kwamba mambo ya maumbile ni matano: kutahiri, kunyoa nywele za sehemu za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kung'oa nywele za kwapa. Neno la Kiarabu linalotumika hapo kwa kunyoa sehemu za siri, *istihdad*, limetokana na *hadid*, yaani chuma. Kwa kwapa, bora ni kung'oa, na asiyeweza anyoe. Katika Hadithi ya Anas (R.A.) aliyoipokea Muslim, mambo haya yasiachwe kupita siku 40.

*Kichwa cha mtoto.* Katika Hadithi ya Samura (R.A.), mtoto huchinjiwa akika siku ya saba, hunyolewa na hupewa jina. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i (R.A.), siku ya kuzaliwa inahesabiwa: aliyezaliwa mchana wa Ijumaa, siku yake ya saba ni Alkhamisi. Aliyezaliwa usiku, hesabu huanza mchana unaofuata. Ni Sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele zake, na kwa madhehebu yetu ni sawa kwa mtoto wa kiume na wa kike.

*Hija na Umra.* Mtume (S.A.W.) aliwaombea dua mara kadhaa walionyoa kabla ya kuwaombea waliopunguza, na hapo wanavyuoni wakapata dalili kwamba kwa mwanamume kunyoa ni bora kuliko kupunguza. Mwanamke hanyoi, hupunguza kiasi cha ncha ya kidole.

*Ndevu.* Madhehebu mengi yamesema kuzinyoa ni haramu. Kwa Mashafi'i, Imam Rafi'i na Imam Nawawi wamesema ni makuruhu, na wengine miongoni mwao wakasema ni haramu. Kwa hiyo anayejifunza wembe asidhani kazi yake ya kwanza ni kidevu.

*Kiduku na mfano wake.* Mtume (S.A.W.) amekataza *qaza'*, nayo ni kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Ima kinyolewe chote, au kiachwe chote. Wazazi wanaoacha kishungi kwenye utosi wa mtoto wazingatie hili.

Wembe ni amana

Bukhari amepokea kisa cha Khubayb bin Adiy (R.A.), aliyekuwa mateka Makka akisubiri kuuawa. Aliazima wembe kwa mmoja wa mabinti wa al-Harith ili ajisafishe. Mama yule akaghafilika, mtoto wake mdogo akamwendea Khubayb. Alipogeuka akamkuta mtoto kakaa juu ya paja lake, na wembe umo mkononi mwake. Alishtuka mno. Khubayb akamuuliza kama anachelea atamuua mtoto, akamhakikishia kwamba hawezi kufanya hivyo. Mama huyo akaja kusema kwamba hajapata kuona mateka mwema kuliko Khubayb.

Mtu aliyedhulumiwa, anayejua kuwa kifo kiko mbele yake, alikuwa na wembe mkononi na mtoto wa adui mapajani, na mtoto akasalimika. Basi ni nani mwenye udhuru wa kumjeruhi mtoto wake mwenyewe kwa uzembe?

Sheria imeweka hukumu katika hili. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kuwa ana elimu ya tiba, basi ni dhamini wa madhara yatakayotokea. Wanavyuoni walipozungumzia mtabibu, mpiga chuku na mwenye kutahiri, waliweka masharti mawili ili asitozwe: awe na ujuzi wa kazi yake, na asivuke mpaka wa alichoruhusiwa. Kinyozi yuko katika njia hiyo hiyo.

Namna ya kujifunza

Vinyozi wetu wengi leo wanatumia wembe wa kukunja wenye mpini, unaotiwa nusu ya wembe mpya kila mara. Wembe wa zamani ni kipande kimoja cha chuma, na hunolewa kwenye mkanda wa ngozi kwa kuuburuza mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Kwa kunyoa watu mbalimbali, ule wa kubadilisha ndio salama zaidi. Namna ya kuushika ni moja kwa aina zote mbili.

1. *Anza bila makali.* Funga mpini bila wembe ndani, paka povu la sabuni mkononi mwako, ulikwangue. Lengo ni mkono uzoee mwendo.

2. *Puto.* Puliza puto, lipake povu, uliondoe povu lote kwa wembe wenye makali. Likipasuka, mkono bado mzito. Vinyozi wengi wamefundishwa hivi, na gharama yake ni ndogo.

3. *Mshiko.* Kidole gumba kikae chini ya shingo ya wembe, vidole vitatu juu yake, na kidole cha mwisho juu ya mkia. Mshiko uwe mwepesi. Anayeukamata kwa nguvu hukandamiza bila kujua.

4. *Ulainishaji.* Nywele ndefu zipunguzwe kwanza kwa mkasi au mashine. Kisha lowanisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwa dakika chache. Nywele kavu huvuta ngozi, na hapo ndipo mikato mingi hutokea.

5. *Pembe.* Wembe ulale, mgongo wake uinuke kidogo tu kutoka kwenye ngozi, kiasi cha nyuzi 30. Ukisimama sana hukata ngozi. Ukilala kabisa huvuta nywele.

6. *Mwendo.* Mkono wa pili uvute ngozi ikaze. Wembe uende kwa hatua fupi, kufuata upande nywele zinakolalia. Usiupeleke ubavuni kama kisu kinachokata mkate, kwani mwendo huo ndio unaochana ngozi.

7. *Mahali pa hadhari.* Papasa kichwa kwa vidole kabla ya kuanza, ujue palipo na chunjua, kovu au kipele. Nyuma ya sikio, likunje sikio mbele. Kwenye kisogo nywele huzunguka, basi nawe geuza mwelekeo pamoja nazo.

Baada ya puto, jaribu kwa mtu mzima aliyeridhia na anayejua kuwa unajifunza, tena sehemu za wazi kama juu ya kichwa. Mtoto mchanga awe wa mwisho kabisa katika mafunzo haya.

Kichwa cha mtoto wa siku saba

Fuvu la mtoto mchanga halijafunga. Pale utosini panapopigapiga hapana mfupa bado, na kwa kawaida hufunga baina ya miezi 12 na 18. Wembe unapofika hapo usikandamizwe hata kidogo, wala mkono wa pili usiminye.

Mtoto anyolewe akiwa ameshiba na amelala au ametulia, katika mwangaza mzuri. Mtu mmoja amshike kichwa, mwingine anyoe. Akianza kulia na kutikisa kichwa, wembe uondolewe hadi atulie. Si lazima kazi imalizike kwa mkupuo mmoja, na haifai kumnyoa huku wageni wamemzunguka na kila mmoja anatoa amri yake.

Mtoto akiwa njiti, mgonjwa, au ana vidonda kichwani, aahirishiwe. Kupitwa na siku ya saba hakumtii mzazi katika dhambi, kwani kunyoa huku ni Sunna, na kumlinda mtoto na madhara ni wajibu. Ikiwa hakuna mjuzi nyumbani, aitwe kinyozi anayejulikana kwa watoto.

Nywele zikusanywe, zikauke, zipimwe. Zikiwa gramu mbili, zidisha kwa mbili bei ya gramu moja ya fedha, utoe thamani hiyo kwa maskini.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi huambukizwa kwa damu. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata pale ambapo damu haionekani kwa macho. Kufuta wembe kwa kitambaa au kuuchovya kwenye maji yenye dawa kidogo hakutoshi. Kwa mtoto jambo ni zito zaidi: chanjo ya pamoja yenye kinga ya homa ya ini B hutolewa Tanzania akiwa na wiki 6, 10 na 14, na siku ya saba haijamfikia.

Kanuni ni nyepesi: wembe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele yake, kisha utiwe kwenye kopo lenye kifuniko, usitupwe jaani wala ufukweni wanakochezea watoto. Mapacha nao kila mmoja na wembe wake. Jiwe la shabu linalosuguliwa kwenye mikato ya kila mteja nalo lina hatari ile ile. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara, na wembe wa kuchangia ni madhara yanayojulikana.

Kwa wanaokwenda Hija

Siku ya kumi ya Mfunguo Tatu mahujaji wengi hutaka kunyolewa kwa wakati mmoja, na pembezoni mwa njia hujitokeza wanaonyoa kwa haraka kwa wembe uliokwisha kutumika. Mamlaka za Saudi Arabia huwahimiza mahujaji waende kwa vinyozi wenye leseni tu.

Tunawanasihi mahujaji wetu wajifunze kabla ya safari na kila mmoja achukue nyembe zake kwenye begi la mizigo, si la mkononi. Aliyefikia wakati wa kunyoa anaweza kujinyoa au kumnyoa mwenzake. Masahaba walinyoana wenyewe kwa wenyewe Hudaybiya mwaka wa 6 Hijria, na kwa huzuni waliyokuwa nayo siku ile walikaribia kuumizana. Inapendeza anayenyolewa aelekee Qibla, na aanziwe upande wake wa kulia. Asiye na nywele anapendekezewa kupitishiwa wembe kichwani. Mashine inayobakisha visiki vya nywele ni kupunguza, nako kunatosheleza, ila amepitwa na fadhila ya kunyoa.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nimejikata, je udhu umetenguka?* Kwa Mashafi'i, kutokwa na damu pasipo njia mbili hakutengui udhu. Osha damu, kisha swali. Kunyoa baada ya udhu nako hakuutengui.

*Nimefunga, nikajikata?* Saumu yako ni sahihi.

*Je, inafaa kunyoa mtu akiwa na janaba?* Baadhi ya wanavyuoni wamependelea asubiri hadi aoge, lakini haikuthibiti Hadithi inayokataza.

*Nimenuia kuchinja Idi Kubwa, ninyoe?* Katika Hadithi ya Ummu Salama (R.A.) aliyoipokea Muslim, mwenye nia ya kuchinja asiondoe nywele wala kucha tangu kuandama mwezi wa Mfunguo Tatu hadi achinje. Kwa Mashafi'i kuondoa ni makuruhu. Basi jisafishe kabla mwezi haujaandama.

*Nywele zifanyweje?* Inapendeza kuzifukia ardhini. Kuziogopea uchawi hata mtu akakosa raha si katika mafundisho ya dini.

Nasaha

Tunawaomba wazazi wawafundishe vijana wao kazi hii mapema, kwa utaratibu tulioueleza, ili kila nyumba iwe na mkono unaoaminika. Na anayeombwa kumnyoa mtoto wa jirani, naye anajua kuwa hajui, aseme hajui. Hakuna aibu katika neno hilo, na huenda likamlinda mtoto.

Allah atujaalie tuzihuishe Sunna za Mtume wake kwa elimu na upole, na awahifadhi watoto wetu. Amin.

Wallahu a'lam.